Likizo ya Mwisho ya Sajinitaji Masalu

Jumatatu, 26 Mei

Barua imefika. Nastaafu tarehe 31 Julai. Miaka ishirini na tisa jeshini, halafu karatasi moja yenye mihuri miwili. Sikulia. Nilipiga chafya tu.

Koplo Aneth, karani wetu, kanipa na fomu. Nina siku ishirini na nane za likizo ambazo sijazigusa. Akanieleza polepole, kama anamfundisha mtoto wa chekechea: ama nizitumie, nianze likizo tarehe 4 Julai na nisirudi tena kambini, ama niziuze, nipewe fedha yake na nibaki kazini mpaka siku ya mwisho. Kisanduku kimoja kimeandikwa NATUMIA, kingine NAUZA. Weka alama ya vema, rudisha kabla Ijumaa tarehe 27 Juni haijaisha. Nikauliza kama kuna kisanduku cha tatu. Hakuna. Nikaomba nitazame nyuma ya karatasi. Hakuna kweli.

Nimempigia Nyamizi, mke wangu, yuko nyumbani Kharumwa. Hakuvuta hata pumzi. Kasema unatumia, kwani kuna swali hapo? Jumamosi tarehe 12 Julai ng'ombe wa Loveness wanakuja. Loveness ni binti yetu wa kwanza. Ng'ombe kumi na watano, kwa lori, kutoka Ushetu kwa Mzee Mwigulu, baba wa kijana anayemwoa. Katika ukoo wetu baba wa binti anakaa kwenye kigoda mlangoni pa zizi. Ng'ombe wanapitishwa mbele yake mmoja mmoja, naye anasema huyu ndiyo, huyu hapana. Mtu mwingine hana ruhusa ya kusema. Labda baba asiwepo. Baba asipokuwepo anakaa kaka yake mkubwa. Yaani Bujiku.

Bujiku! Kipaimara cha Loveness mimi niko lindoni, Bujiku kasimama. Kuezeka nyumba, Bujiku. Mahafali ya kidato cha nne, Bujiku, tena na tai. Mgeni akifungua albamu ya familia yangu atajua mama huyu kaolewa na Bujiku. Safari hii hapana. Kigoda hicho ni changu.

Kwa hiyo natumia. Imekwisha! Nimeamua ndani ya saa moja, nimejishangaa mwenyewe.

Ila hiyo fedha. Bartholomeo, nimecheza naye utotoni, ana karasha la kusagia mawe ya dhahabu kule kwetu na anatafuta mtu wa kuingia naye ubia. Siku ishirini na nane zikiuzwa zinatosha kuingia. Julai kwa anayestaafu hakuna ruhusa nyingine: ama uko likizo, ama uko bohari unakabidhi mali. Hakuna katikati. 

Jumatano, 28 Mei

Magesa. Tuliingia jeshini siku moja, tukapandishwa cheo siku moja, tunastaafu siku moja. Alinizidi alama mbili kwenye shabaha tukiwa kuruta na mpaka leo anazitaja mesini. Leo nimemwuliza, kwa upole tu, amejaza nini kwenye fomu. Akatabasamu. Basi! Akatabasamu, akaendelea na chai yake.

Magesa si mjinga. Kama kauza, kuna kitu anakijua. Kama katumia, kuna kitu anakijua pia. Mimi ndiye sijui.

Mpango: kuiona fomu yake. Nimeenda ofisini kwa Aneth na soda baridi na vitumbua viwili, nikasema nimekuja kuhakiki viti. Mimi ni mtu wa bohari, kuhakiki viti ni haki yangu. Nikahakiki kimoja kimoja mpaka nikafika nyuma ya meza yake, karibu kabisa na mafaili. Aneth akala vitumbua vyote viwili. Akanywa soda. Akayafungia mafaili kwenye droo, akaweka ufunguo mfukoni, akaniambia Afande Masalu, shikamoo, viti ni vinne, hata jana vilikuwa vinne.

Nimerudi bohari na chupa tupu.

Jumanne, 3 Juni

Nimerudi kutoka Geita. Niliona nisibahatishe, nikamwone mtu aliyepitia. Thobias alistaafu miaka miwili iliyopita, anaishi Kalangalala, ana vyumba vinne vya kupangisha. Yeye likizo yake aliuza. Nikaomba siku tatu. Aneth akasema siku hizo zinakatwa kwenye zile ishirini na nane. Nikamwambia akate. Siku tatu kitu gani bwana!

Thobias kanipeleka nyuma ya nyumba akaninong'oneza: usiuze, Masalu. Anasema aliuza, akatoka kambini Jumanne, Jumatano akawa raia bila matayarisho yoyote, asubuhi hiyo akampigia saluti muuza maziwa. Mpaka leo muuza maziwa huyo anamwita Kamanda mbele za watu. Ukitumia, anasema, unapata mwezi mzima wa kuzoea.

Nikashukuru. Nikaona mambo yamekwisha. Mkewe, Bernadina, akaniita jikoni nikaonje mchuzi, akafunga mlango. Uza, shemeji. Uza kabisa. Anasema Thobias alivyorudi alipanga zamu za kufagia uwanja, akabandika orodha mlangoni kwa wapangaji, akanunua na filimbi. Wapangaji wawili walihama. Angekuja mwezi mmoja kabla, wangehama wote wanne.

Bao moja kwa moja. Nimetumia siku tatu kupata sare. Zimebaki ishirini na tano.

Alhamisi, 5 Juni

Nimekumbuka jambo la kutisha. Sijachagua ng'ombe tangu nikiwa na miaka kumi na tisa. Mabuti naweza kuyakagua nimefumba macho. Ng'ombe sijui hata pa kuanzia kutazama.

Mchana nimejifungia bohari, nikakaa kwenye kreti la soda, nikafanya mazoezi. Uso wa kiume. Mkono juu ya goti. Huyu ndiyo. Huyu hapana. Huyu mgeuzeni nimwone upande wa pili. Ikaanza kunoga. Kumbe Aneth kasimama mlangoni kitambo. Akauliza nazungumza na nani. Nikasema nahesabu. Akauliza mabuti yanageuzwa ili iweje.

Nimeomba siku tano niende nyumbani nikaongee na Nyamizi ana kwa ana, pia nilione hilo karasha kwa macho. Akate tu.

Jumapili, 8 Juni, Kharumwa

Nyumbani. Mlenda, ugali wa udaga, maziwa ya mgando. Nimekula mpaka nikaona haya. Nyamizi hakunizungusha. Amesema pesa ya karasha siijui na wala sijaiomba, mimi na watoto tumeishi bila karasha na tumeishi bila wewe. Karasha naweza kuendelea kulikosa, akasema. Nikamwambia nimeelewa, Mama Loveness. Akasema kama umeelewa kajaze fomu.

Halafu Loveness. Kaniletea maji ya kunawa, kapiga magoti, shikamoo baba. Marahaba mama. Hakuondoka. Anatazama chini, anaongea na beseni. Kasema baba, siku ile nikitoka ndani nataka nikuone wewe pale. Basi, baba. Sitaki kingine. Nikainuka nikaenda kukagua mbuzi.

Jioni akaja Bujiku. Mwadila, mwadila, tukasalimiana kikwetu, akaenda moja kwa moja kukaa kwenye kiti changu cha mikono. Wala hajui ni changu! Kila mtu pale nyumbani anajua ni cha Bujiku. Akaanza kunieleza ng'ombe wanavyoangaliwa, meno, nundu, kiwele, kwato. Nikamwambia kaka, najua. Akasema vizuri, vizuri. Kisha akaniuliza naondoka lini. Ndugu yangu wa tumbo moja, ananiuliza kwangu naondoka lini!

Karasha nimeliona. Linapiga kelele tamu sana. Bartholomeo anasema nafasi ipo mpaka mwisho wa Julai, baada ya hapo kuna mtu wa Kahama anaitaka. Nimeweka kiganja juu ya chuma likiwa linafanya kazi, nikatetemeka mpaka begani. Huyo mtu wa Kahama ni nani? Anajua nini?

Jumatano, 11 Juni

Natumia.

Siku zimebaki ishirini. Nimehesabu kwenye kalenda ya ukutani: siku ishirini zinazoishia tarehe 31 zinaanza tarehe 12 Julai. Tarehe 12 yenyewe! Basi la alfajiri, nashuka Kharumwa saa tano, lori la ng'ombe linafika saa sita. Saa moja nzima ya kupumua. Inawezekana. Lakini nisipoteze hata siku moja zaidi. Hata moja!

Alhamisi, 12 Juni

Nauza. Nimemwona Magesa anapita karibu na ofisi ya malipo.

Ijumaa, 13 Juni

Aliingia kukojoa tu, choo kiko upande ule. Natumia.

Tatizo ni fomu. Jana niliweka vema kwenye NAUZA. Leo nikaifuta kwa wino mweupe, nikaweka kwenye NATUMIA, halafu wino mweupe ukapasuka na ile vema ya kwanza ikachungulia. Aneth kaishika kwa vidole viwili. Kasema fomu yenye kufutwa haipokelewi. Kanipa nyingine. Nikaomba na ya akiba, ikitokea. Akauliza ikitokea nini. Nikaichukua haraka. Ningejua ningekuwa nimeshajaza.

Tumbo linasokota toka asubuhi. Nesi wa zahanati kaniuliza kama nimekula kitu kibaya. Nikamwambia nina likizo.

Jumanne, 17 Juni

Aibu leo. Naiandika upesi niisahau.

Nilikuwa na fomu mbili. Sasa akili ikaniambia Masalu, kwa nini uchague wewe? Asubuhi ile ya NATUMIA nikampa Aneth mkononi. Saa nne ile ya NAUZA nikaiweka mwenyewe kwenye trei ya Kapteni, mkuu wetu. Itakayotangulia kupigwa muhuri ndiyo Mungu kapenda. Nikaenda kunywa chai, moyo mweupe kabisa, mara ya kwanza tangu barua ifike.

Saa sita nikaitwa. Kapteni amezipanga mezani, moja kulia, moja kushoto. Ni kijana mdogo, angeweza kuwa mwanangu, lakini akikutazama unasimama wima bila kuambiwa. Akauliza kikosi hiki kina akina Masalu wangapi. Mmoja, afande. Saini hii ya nani? Yangu, afande. Na hii? Yangu pia, afande. Akageuka akatazama dirishani muda mrefu sana. Nje kulikuwa na kuku tu. Akazichana zote mbili, akanipa fomu mpya moja, akasema moja, Sajinitaji, moja, na mwisho ni tarehe ileile ishirini na saba.

Nimetoka pale jasho limefika kwenye soksi. Magesa alikuwa barazani. Katabasamu.

Jumatano, 18 Juni

Nimepata! Nimepata! Kwa nini sikuliona hili mapema?

Shida siyo likizo. Shida ni tarehe 12. Ng'ombe wakisogezwa mpaka Agosti, mimi nitakuwa raia huru. Nauza likizo, naingia kwenye karasha, na bado nakaa kwenye kigoda changu. Vyote viwili! Kumbe kisanduku cha tatu kipo, kiko Ushetu kwa Mzee Mwigulu.

Kuna tatizo dogo la desturi. Wazazi wa pande mbili hawaongei habari za ng'ombe uso kwa uso. Kila neno linapita kwa mshenga, na mshenga wetu ni Maduhu, mzee mtaratibu, miezi minane anaenda na kurudi na baiskeli yake. Lakini Maduhu nikimtuma, neno litapita kwa Nyamizi kwanza, na Nyamizi atalikata hapohapo. Hivyo naenda mwenyewe. Kimya kimya.

Siku nne, kwenda na kurudi. Zitabaki kumi na sita. Aneth kakata, kanitazama kama anatazama mgonjwa. Najua, najua: nikibaki na kumi na sita likizo yangu inaanza tarehe 16, na tarehe 12 ndiyo basi tena. Lakini tarehe 12 haitakuwepo! Ndiyo maana naenda!

Jumapili, 22 Juni

Ushindi.

Nilikwenda na kombati yangu iliyopigwa pasi, heshima ya ugeni. Mzee Mwigulu nilimkuta nje ya bani, banda la kukaushia, anapanga tumbaku kavu na wanawe. Aliponiona alisimama, majani yakamponyoka yote. Baba wa binti, peke yake, bila mshenga, na sare za jeshi! Mkewe akakimbilia jikoni, kuku wawili wakachinjwa hata maji sijamaliza kunywa. Wakaitwa wazee watatu wa jirani. Wakakaa mstari mmoja wananitazama mikono.

Sasa mambo haya huwezi kuyasema kavu kavu, kwamba mkwe naomba usogeze ng'ombe. Ungekuwa utovu wa adabu. Nikazunguka. Nikasema mzee, siku zinakimbia. Nikasema mtu wa kazi yangu siku zake si zake mwenyewe, zina wenyewe. Nikasema Julai kwangu mimi ni mwezi mbaya, mbaya sana, na jambo hili lingepata siku nyingine roho yangu ingetulia. Kila neno wazee wanaitikia kwa kichwa. Mzee Mwigulu akasema wabeja, asante, mkwe, tumekuelewa, usijisumbue hata kuongeza, mtu mzima akija mwenyewe inatosha. Akanifungia na karanga kilo tano.

Magesa angeweza hili? Thubutu! Nimekula karanga njia nzima nikiimba.

Jumanne, 24 Juni

Nimekwisha.

Nyamizi kapiga saa mbili asubuhi. Maduhu kafika nyumbani na baiskeli, kofia mkononi, haelewi afanye nini na uso wake. Ushetu wamekaa kikao usiku kucha. Baba wa binti kaja mwenyewe, na nguo za vita, kasema siku zinakimbia na Julai ni mbaya. Maana yake nini? Maana yake tumemchelewesha, amekasirika, anataka ng'ombe wake kabla ya Julai. Wameona aibu kubwa. Lori limeshakodiwa. Ng'ombe wanakuja Jumamosi hii, tarehe 28 Juni!

Nikasema warudishwe nyuma, aende Maduhu aseme nilikosea. Nyamizi akasema neno la ng'ombe haligeuzwi mara mbili, na Maduhu mwenyewe kasema akitumwa tena anarudisha baiskeli na ushenga wote. Halafu akauliza, taratibu kabisa, ilikuwaje wewe ukawa Ushetu. Nikasema kazi. Akasema haya. Heri angegomba.

Nimekimbia kwa Kapteni, nimekimbia kweli, kwa miguu hii. Kasema kuanzia kesho mpaka tarehe 30 ni kufunga mwaka wa fedha, bohari inahesabiwa yote, hakuna anayetoka. Na mwenye bohari ni nani? Mimi, afande. Nikaomba siku moja. Nikaomba nusu siku. Akauliza kama najua mwezi huu nimekuwa nje siku ngapi. Kumi na mbili, afande. Ulikuwa unafanya nini siku kumi na mbili? Nikasema nilikuwa natafuta ushauri, afande, namna ya kuitumia likizo.

Akatazama tena dirishani. Leo hata kuku hawakuwepo.

Jumamosi, 28 Juni

Mablanketi. Mara ya kwanza mia nne kumi na mawili. Mara ya pili mia nne kumi na moja. Mara ya tatu mia nne kumi na tano. Kapteni kasimama mlangoni na daftari, simu zote zimezimwa kwa amri. Saa sita ikapita. Saa saba. Nilijua pale Kharumwa sasa hivi wanafungua mlango wa lori.

Saa tisa tukapumzika, nikawasha simu. Simu saba za Bujiku. Saba! Nikampigia. Kaka yangu kanieleza kwa sauti ya chini, kama mtu anayeomba radhi. Alipowekewa kigoda hakukaa. Aliwasimamisha ng'ombe juani nusu saa, watu wote wanasubiri, anapiga simu yangu, ili mimi niseme ndiyo na hapana na yeye awe mdomo tu. Namba haipatikani. Namba haipatikani. Mzee Mwigulu akaanza kuogopa kwamba nimekasirika tena. Ndipo Bujiku akakaa. Kakataa mmoja tu, alikuwa anachechemea.

Miaka yote hii namwonea wivu mtu huyu. Nikashindwa hata kumwambia asante, nikasema haya kaka, mtandao mbaya.

Picha ziliingia moja moja. Ng'ombe wazuri. Bujiku kwenye kigoda, mkono juu ya goti. Na picha moja Loveness anatoka mlangoni na kitenge kipya, anatazama pale penye kigoda, na uso wake bado haujajua. Picha inayofuata, uso umeshajua. Chini yake Loveness kaandika: Baba, wamefika salama. Pole na kazi.

Nililia kwenye mablanketi. Mwanaume mzima, sajinitaji, nimelia. Aneth aliingia, akatoka, akafunga mlango taratibu. Jioni kaniambia fomu yangu jana haikufika, lakini Kapteni kaniongezea mpaka tarehe 11 Julai.

Ijumaa, 4 Julai

Magesa kaondoka leo. Fulana, begi moja, kandambili. Katumia siku zake zote ishirini na nane. Nikamsindikiza mpaka getini ili nimwulize kwa mara ya mwisho ile siri. Siri gani, akauliza. Kasema alijaza siku ileile ya barua, karatasi juu ya goti, mkewe alimwambia arudi nyumbani basi akarudi. Na kutabasamu kote kule? Hakumbuki kama alitabasamu. Alikuwa anawaza kwenda kulala.

Nimemwonea huruma. Mtu anaamua jambo zito hivyo kwa goti!

Mchana Bartholomeo kapiga. Mtu wa Kahama kajitoa, sasa hata nusu hisa anakubali. Nimepiga hesabu: siku kumi na sita zikiuzwa, nusu hisa inapatikana na chenji inabaki. 

Saa nane Nyamizi kapiga. Sauti yake nyororo, nilikuwa sijaisikia hivyo tangu wale ng'ombe. Kwa kuwa mahari imewahi, na ndoa kanisani imesogezwa mbele. Jumamosi tarehe 19 Julai. Likizo yangu ya siku kumi na sita inaanza tarehe 16, siku tatu kamili kabla! Amesema Baba Loveness, ni kama Mungu katurudishia nafasi. Fundi yupo sebuleni sasa hivi na futi yake, anashona suti ya baba atakayemshika bibi harusi mkono mpaka altareni. Anataka vipimo. Loveness amekaa hapa anasikiliza. Niambie neno moja tu. Unakuja au huji?

Nikamwambia Mama Loveness, hili ni jambo kubwa. Jambo kubwa halitaki pupa, na pupa ndiyo iliyotuharibia kwenye ng'ombe. Nina mpaka tarehe 11, wiki nzima. Jumapili nitampigia Thobias, halafu Bernadina peke yake, nipate pande zote. Nikaona fundi wa watu asikae bure, anapoteza siku yake. Nikasema kwa sasa achukue vipimo vya Bujiku, mabega yetu ni yaleyale.

Kasema sawa. Nikamsikia anamwambia fundi, kisha simu ikakatika. Vizuri sana. Hilo nalo nimeliweka sawa, sasa naweza kufikiri kwa utulivu.